Shamba Lililofagiwa

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya vilima vya Bugarama, Adelfina alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuwatoa mbuzi wawili bandani na kufagia uwanja. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa sababu aliambiwa. Ya tatu aliifanya kwa kupenda. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na hakuna msichana kijijini aliyemshinda kwa ufagio. Alifagia kwa mistari, mstari kwa mstari, mpaka kuku wenyewe wakaona haya kukanyaga.

"Huyu mtoto tukimwacha, atafagia mpaka Ngara mjini," baba yake, Emilian, alimtania akiwa anakunywa uji.

Lakini ufagio wa Adelfina ulikuwa na mpaka wake, nao ulikuwa nyuma ya jiko. Hapo ndipo lilipoanzia shamba la Bibi Agripina, mama yake Emilian. Lilikuwa shamba la migomba na kahawa, na katikati yake magimbi, maboga na maharage. Chini kulitandazwa majani makavu ya migomba na mabua, tabaka juu ya tabaka, hata mguu ulizama mpaka kwenye kifundo. Pembeni mwa shamba, chini kabisa ya mteremko, palikuwa na mizinga mitatu ya nyuki. Bibi hakuwahi kutia dawa ya dukani humo, si ya magugu wala ya wadudu. Alitia samadi ya mbuzi, majivu na jasho lake.

Siku moja Adelfina aliomba ruhusa ya kufagia walau upande wa juu, ule unaopakana na njia ya watu. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Uwanja ni wetu, mjukuu wangu. Fagia utakavyo. Shamba lina wenyewe."

"Wenyewe akina nani, bibi?"

"Wadudu," Bibi alijibu, akaendelea kumenya magimbi.

Adelfina hakuridhika. Watu waliokwenda kisimani walipita hapo kila siku, na yeye aliona aibu kwa yale majani makavu. Shamba la jirani, la kina rafiki yake Priscila, lilipuliziwa dawa ya magugu, nalo lilikuwa jeupe kama sahani iliyooshwa.

Basi Ijumaa moja, Mwalimu Danstan aliingia darasani na mgeni. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mvua, na begani alibeba mfuko uliojaa vikopo vya plastiki. Aliitwa Deodata, mtaalamu wa kilimo, na alikuwa amepanga chumba Nyamiaga kwa miezi miwili.

"Ninapima mashamba ishirini," aliwaambia wanafunzi. "Mengine yanatumia dawa za viwandani, mengine hayatumii kabisa. Sipimi mavuno. Napima bayoanuai, yaani wingi wa viumbe hai na aina zake. Buibui wangapi, mende wangapi, sisimizi wa aina ngapi. Nyinyi mtakuwa macho yangu."

Akawaonyesha. Kikopo kinafukiwa mpaka mdomo wake ulingane na ardhi. Ndani unatia maji nusu, na matone ya sabuni. Mdudu anayetembea anatumbukia. Asubuhi unamwaga maji kwenye chujio la chai, unahesabu, unaandika daftarini, kisha wadudu wote unawatia kwenye chupa yenye spiriti na kubandika tarehe.

Kwa shamba lisilotumia dawa kijijini hapo, alichagua la Bibi Agripina. Adelfina alivimba kichwa hapo hapo.

"Jumatatu nitakuja kufukia vikopo," Deodata alisema. "Mkaseme nyumbani jambo moja tu: shamba liachwe kama lilivyo siku zote. Watu wasilime, wasifagie, wasipambe kwa ajili yangu. Nataka kuliona shamba, sitaki kuona ukarimu."

Wanafunzi wote walicheka. Adelfina naye alicheka, lakini moyoni aliona mgeni yule anajisemea tu kwa adabu. Kwao, mgeni akisema "msijisumbue", mwenyeji anakwenda kushika kuku. Utamkaribishaje mtu kutoka mbali kwenye majani yaliyooza na majongoo yanayotambaa? Watu wangesemaje?

Jumamosi asubuhi Bibi alikwenda kigangoni kwenye mkutano wa kina mama. Baba alikuwa amepeleka ndizi Kasulo. Mama yake Adelfina alikuwa Biharamulo tangu wiki iliyopita, akimhudumia dada mkubwa aliyejifungua. Nyumbani alibaki Adelfina na ufagio wake.

Alifagia upande wote wa juu. Alikusanya majani makavu, mabua na vigogo vya migomba vilivyooza, akavipeleka jalalani, akavichoma. Buibui walikimbia huku na huku wakiwa wamebeba mayai yao. Kitu kilichofanana na kijiti kiliamka, kikatembea. Adelfina hakusimama. Mchana, upande wa juu ulikuwa udongo mtupu wenye mistari ya ufagio, umenyooka kama daftari jipya.

Bibi aliporudi na kuona, alisimama njiani na khanga yake mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza taratibu:

"Nani amelivua shamba nguo?"

Adelfina alimwona Bibi alivyobadilika uso, akaogopa. Jibu likamtoka kabla hajalifikiria.

"Mtaalamu ndiye kasema, bibi. Kasema shamba lifagiwe kabla hajaja."

Bibi alitazama tena ule udongo mtupu. "Kama mtaalamu kasema," alijibu, "sisi ni nani?" Akaingia ndani. Jioni hiyo hakusimulia hadithi yoyote wakati wa kula.

Baba yeye alifurahi. "Sasa hapa pamekuwa shamba la mtu msomi!" alisema. Kisha akageukia jambo lililokuwa likimsumbua siku nyingi. Msimu uliopita wadudu walikuwa wameyatoboa majani ya maharage, na mavuno yakawa haba. Jirani mmoja alikuwa tayari kumwazima bomba la kupulizia dawa.

"Mama, mwaka huu acha nipulizie," alimwambia Bibi.

"Maharage yanatoa maua sasa, Emilian. Nyuki wangu wako humo kutwa. Ukipulizia, mizinga yote mitatu itakuwa maboksi matupu. Na hao wawindaji wadogo wanaokula wadudu waharibifu, nao utawaua."

"Wawindaji gani? Mimi siwaoni."

"Kwa kuwa hujainama."

Baba alikuna kidevu. Hakuwa mkaidi, ila alikuwa na watu wa kulisha. "Haya. Tufanye hivi. Mtaalamu anakuja kuhesabu. Alhamisi atatoa hesabu yake. Kama shamba lina uhai huo unaousema, sitapulizia. Kama halina, Jumamosi napulizia. Umekubali?"

"Nimekubali," Bibi alisema bila wasiwasi wowote. Alikuwa na uhakika na wadudu wake kama mtu alivyo na uhakika na vidole vyake.

Adelfina, aliyekuwa akiosha vyombo, alihisi maji yamekuwa ya baridi ghafla.

Jumatatu Deodata alifika. Aliandika "juu" na "chini" kwenye vikaratasi viwili, akavitia kwenye kofia yake, akavichanganya.

"Sichagui mahali panaponipendeza," alieleza. "Nikichagua, nitajidanganya mwenyewe. Bahati ichague."

Adelfina aliomba kimoyomoyo: chini, chini, chini. Deodata alichomoa kikaratasi. Juu.

Alipoona ule udongo uliofagiwa, alisita. "Hapa huwa mnafagia hivi?"

"Ndiyo, madamu. Siku zote."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Deodata aliandika kitu daftarini, akafukia vikopo kumi kwa mstari, akaondoka.

Jumanne alfajiri Adelfina alikimbilia vikopo vyake. Cha kwanza: maji. Cha pili: maji. Cha tatu: sisimizi wawili. Alifika cha kumi akiwa na sisimizi watatu na buibui mmoja. Jumla wanne.

Njiani kwenda shuleni alikutana na Priscila, ambaye alikuwa akihesabu kwenye shamba la kwao.

"Sisi kumi na tisa!" Priscila alisema. "Nyinyi je?"

"Bado sijajumlisha."

"Kujumlisha tu kumekushinda? Si shamba la bibi yako lenye wadudu kama sokoni?"

Adelfina aliongeza mwendo. Jioni Bibi alimwuliza, "Wangapi leo?" Akajibu, "Wengi, bibi," na Bibi akatabasamu, akamwongezea mboga.

Jumatano walikuwa watano. Jioni hiyo baba alirudi na bomba la kupulizia dawa, la bluu, lenye mikanda ya kubeba mgongoni. Alilitundika kwenye msumari, stoo. Kila Adelfina alipopita mlangoni aliliona. Alifikiria mizinga ya Bibi. Alikumbuka jinsi Bibi alivyozungumza na nyuki kila akipita, akiwaamkia kama majirani. Kama angesema ukweli, angekuwa mwongo mbele ya watu wote. Kama angenyamaza, nyuki wangekufa. Akatafuta njia ya tatu, na mtu mwenye hofu akitafuta njia ya tatu, mara nyingi hupata shimo.

Alhamisi alfajiri alichukua kopo tupu la siagi, akaenda kwa Mzee Shibuda, Msukuma aliyehamia kijijini miaka mingi iliyopita na ng'ombe wake. Mzee alikuwa akikamua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Asubuhi hii umekuja na kopo, unataka maziwa?"

"Hapana, babu. Nataka wadudu. Wa somo la shuleni."

Mzee Shibuda alisimama na kibuyu chake. "Nimeishi miaka sabini, sijawahi kuombwa wadudu. Chukua wote, mwanangu, sitakudai."

Zizini kulikuwa na mende wengi weusi, wale wanaoishi kwenye kinyesi cha ng'ombe. Adelfina aliokota ishirini na wanane huku amebana pua. Kwenye vikopo vyake mwenyewe alikuta sisimizi watatu tu. Akawagawa mende wa Mzee Shibuda kwenye vikopo vyote kumi, akawachuja kana kwamba wamejitumbukiza wenyewe, akawatia kwenye chupa. Daftarini aliandika: thelathini na mmoja.

Mchana Deodata alikuja shuleni kukusanya chupa. Alikaa barazani pamoja na Mwalimu Danstan, akamimina kila chupa kwenye sahani nyeupe na kutazama kwa lenzi ya mkono. Wanafunzi wenye chupa walisimama foleni. Ya Priscila ilipita. Ikafika ya Adelfina.

Jumanne: wanne. Jumatano: watano. Deodata aliguna. Akamimina chupa ya Alhamisi. Mende weusi wakatapakaa sahanini. Aliinama, akatazama mmoja, akatazama wa pili. Kwa ncha ya kalamu akagusa mguu wa wa tatu, ambao ulikuwa bado na kipande cha kinyesi kikavu.

"Adelfina, kwenu mna ng'ombe?"

"Hapana, madamu. Tuna mbuzi wawili."

"Hawa wanaishi kwenye kinyesi cha ng'ombe. Mmoja angeweza kupotea njia akaja kwenu. Ishirini na wanane, kwa usiku mmoja, kwenye udongo mtupu?"

Adelfina alitazama vidole vya miguu yake. Hakuna aliyemfokea. Deodata alichukua kalamu, akafungua karatasi yenye majina ya mashamba ishirini.

"Sikuoni kama mtoto mbaya," alisema. "Lakini hesabu nisiyoiamini siwezi kuitumia. Sitaandika kwamba shamba la bibi yako lina wadudu wengi, wala kwamba lina wachache. Nitalifuta kwenye orodha. Itakuwa kama halikupimwa."

Kama halikupimwa! Adelfina aliona Jumamosi ikija mbio. Aliliona bomba la bluu likishuka msumarini. Baba angeuliza hesabu iko wapi, na hesabu isingekuwepo, na Bibi, ambaye hakuwa na kosa lolote, angebaki na mizinga mitupu. Ule uongo aliouleta ili kuliokoa shamba ndio ulikuwa unalifuta. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imeishia kwenye ncha ya kalamu.

"Madamu, usilifute!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata foleni nzima ikageuka. "Kosa ni langu, si la shamba!"

Akaanza kulia, na katikati ya kulia akasema yote. Alisema jinsi alivyoona aibu, jinsi alivyofagia na kuchoma, alivyomsingizia mtaalamu mbele ya Bibi, na alivyokwenda kuokota mende kwa Mzee Shibuda. Alisema mbele ya Priscila na mbele ya mwalimu. Alipomaliza, pua ilikuwa imejaa na mabega yametulia. Alishangaa. Alidhani kusema kungemuua, kumbe kilichokuwa kinamuua ni kule kunyamaza.

Mwalimu Danstan alikunja uso. "Kwa hiyo siku zote hizi bibi yako anaamini mgeni huyu ndiye aliyeagiza shamba lifagiwe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi hujamaliza kusema. Umesema kwetu. Bado nyumbani."

Deodata alifunika kalamu yake bila kufuta kitu. "Twende," alisema. "Na mimi nina ombi la kupeleka huko."

Priscila alimshika Adelfina mkono mpaka kwenye njia panda. "Ungeniambia tu," alinong'ona. "Ningekutania siku moja, basi."

Bibi Agripina alikuwa akichambua maharage uwanjani, na Emilian akirekebisha jembe. Waliamkiana na wageni, viti vikatolewa. Deodata alimtazama Adelfina. Hakukuwa na wa kumsaidia.

"Bibi," Adelfina alianza, akapiga magoti, "mtaalamu hakusema shamba lifagiwe. Alisema liachwe kama lilivyo. Nilifagia mwenyewe kwa kuona aibu. Nikakudanganya. Na wadudu niliokuambia ni wengi, walikuwa wanne, jana watano, na leo nikajazia mende wa zizi la Mzee Shibuda."

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo. Kisha bibi kizee yule akatoa pumzi ndefu, na badala ya hasira, uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hakusema!" alisema. "Ashukuriwe Mungu! Siku tano hizi nalala nikijiuliza, kama wataalamu wa serikali wanasema shamba jema ni la kufagia, basi mimi nimelima kijinga miaka arobaini na mitano. Nilifikia mahali pa kuamini hivyo. Kumbe alikuwa ni huyu na ufagio wake!"

Kisha akakaza macho. "Lakini kunidanganya umenidanganya. Hilo tutalizungumza mimi na wewe, na litakuwa na jasho ndani yake."

Emilian hakucheka. "Mtaalamu, mimi nilitoa neno langu. Hesabu imekuwa tisa kwa siku mbili, na iliyobaki ni ya ng'ombe wa Shibuda. Maharage yangu hayasubiri."

"Nikuombe kitu, Baba Adelfina," Deodata alisema. "Binti yako amekosea, lakini bila kujua ametengeneza kipimo ambacho mimi nisingethubutu kukiomba. Shamba ni moja, udongo ni mmoja, migomba ileile. Juu pamefagiwa, chini pana matandazo. Niruhusu nifukie vikopo kumi vingine chini, vile vya juu vibaki. Siku tatu. Na safari hii ahesabu mtu asiyeamini."

"Nani huyo?"

"Wewe."

Bibi Agripina alikohoa kuficha kicheko. Emilian alitazama stoo, akamtazama mama yake. "Siku tatu," alikubali. "Jumapili baada ya misa."

Ijumaa alfajiri baba na binti waliingia shambani na chujio la chai. Upande wa juu waliumaliza haraka: wanne. Wakashuka chini, kwenye majani makavu. Emilian alipiga magoti mbele ya kikopo cha kwanza, akakiinua, akakitazama kwa muda.

"Vipi, baba?"

"Hebu lete chujio."

Ndani mlikuwa na buibui wawili wa kahawia, mende wembamba wanaong'aa, tandu mdogo, na mdudu ambaye wote wawili hawakuwahi kumwona. Kikopo cha pili kilikuwa hivyo hivyo. Kufikia cha tano, Emilian alikuwa akihesabu kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kufikia cha kumi, suruali yake ililowa magotini na alikuwa amesahau uji wake.

"Arobaini na mmoja," alisema. "Andika vizuri. Usiongeze hata mguu."

"Siongezi, baba."

Jumamosi juu walikuwa watatu, chini thelathini na wanane. Jumapili juu walikuwa watano, chini hamsini na wawili. Bomba la bluu lilibaki kwenye msumari wake siku zote hizo, na kila asubuhi lilionekana dogo zaidi machoni pa Adelfina.

Baada ya misa Deodata alifika na lenzi yake. Walikaa uwanjani, naye akawapanga wadudu kwenye sahani mbili. Mzee Shibuda, aliyesikia habari za mende wake, alikuja kushuhudia.

"Juu, kwa siku tatu, kumi na wawili, aina tatu," Deodata alisema. "Chini, mia moja thelathini na mmoja. Nimetenganisha aina kumi na saba. Baba Adelfina, mwangalie huyu mwenye taya. Anakula mayai na viwavi. Huyu buibui hafumi utando, anawinda kwa miguu. Sisemi watamaliza wadudu wote wa maharage. Hili ni shamba moja, na mimi nina mashamba kumi na tisa mengine ya kupima kabla sijasema neno kubwa. Lakini hapa mnao walinzi, na dawa haichagui. Itaua mwizi na mlinzi kwa pamoja."

Emilian alichukua lenzi, akainama. Aliinama muda mrefu.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa, "wana meno hawa."

"Nilikuambia uiname," Bibi alijibu.

Basi Emilian aliinuka, akaenda stoo, akatoka na bomba la bluu begani. Baba alivuka uwanja, akapita karibu na migomba, akaendelea moja kwa moja mpaka kwenye njia, kulirudisha kwa mwenyewe. "Kwa msimu huu, mama!" alipaza sauti kutoka njiani. "Mwaka ujao tutahesabu tena!"

Adelfina alikaa chini palepale kwa furaha. Upande wa chini wa shamba nyuki waliingia na kutoka mizingani, hawajui lolote. Mzee Shibuda alimgonga bega. "Siku nyingine ukitaka ng'ombe wangu washinde mashindano ya wadudu, waandikishe kwa jina lao."

Wote walicheka, hata Adelfina. Deodata alifungua karatasi yake. Kando ya hesabu palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Maelezo".

"Hapa huandikwa chochote kilichotokea shambani," alieleza. "Mvua kubwa, mbuzi kuingia, kila kitu. Bila maelezo, mtu atakayesoma namba hizi hatajua kwa nini juu ni tofauti na chini. Andika mwenyewe."

Adelfina alishika kalamu. Aliandika: "Upande wa juu ulifagiwa na kuchomwa majani Jumamosi kabla ya kipimo. Aliyefagia ni mimi, Adelfina Emilian." Alisoma tena. Ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu iliyonyooka, haina pa kujificha.

Jioni aliitwa na Bibi. Ule mjadala wenye jasho ulikuwa umefika. Walisimama upande wa juu, na Bibi akamwonyesha rundo la majani makavu aliyokata baba.

"Utalivisha shamba nguo ulizolivua. Kila siku baada ya shule, mpaka udongo usionekane."

"Ndiyo, bibi."

Walitandaza pamoja, mzigo wa kwanza. Bibi alipopumzika, aliegemea jembe lake.

"Unajua kilichokuponza? Si ufagio. Usafi ni jambo jema. Kilichokuponza ni kutaka mgeni aone tusivyo. Uliona aibu ya majani makavu, ukayafuta. Halafu ukaona aibu ya kufuta, ukaifunika kwa uongo, na uongo nao ukadai kufunikwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mjukuu wangu, mwenye kuhesabu ni shahidi. Watu wanaamua mambo yao kwa hesabu yake, watapulizia au hawatapulizia, watapanda au hawatapanda. Ukimpa mtu hesabu ya uongo, hata kwa kumpenda, umemfunga macho na kumwambia atembee. Sema kilichopo. Kikiwa kidogo, kitatafutiwa sababu. Kilichopo kikisemwa, kinaweza kutengenezwa."

"Nimeelewa, bibi. Nisamehe."

"Nilikusamehe Alhamisi. Leo nafundisha tu." Akainama, akachukua majani mengine. "Haya, ongeza hapa. Wenyewe wanasubiri kurudi."

Adelfina aliongeza. Wiki ya tatu, akiwa anatandaza mzigo wa mwisho, alimwona buibui mmoja wa kahawia akivuka kutoka chini kuja juu, amebeba mfuko mweupe wa mayai. Adelfina alisogeza mguu wake, akampisha apite. Kisha akakimbia jikoni kumwambia Bibi kwamba amemwona mmoja. Hakusema wawili.